Nimepunguza jeti kuu na pikipiki bado inagugumia: kabureta inarekebishwa kuanzia juu au kuanzia chini?

#1 Vumbi_Jekundu

Habari za wakati huu, wakuu.

Nina pikipiki ya motokrosi ya mipigo miwili, ujazo wa 250, yenye kabureta ya slaidi. Ikiwa baridi inawaka bila taabu na sailensa yake (mzunguko wa injini mkono wa mafuta ukiwa umefungwa) inatulia. Shida huanza ninapovuta mafuta ghafla kutoka chini, yaani mkono wa mafuta ukiwa karibu umefungwa: injini inagugumia, inasita kidogo, kisha inajitoa na kukimbia vizuri mpaka mwisho wa mkono. Nikifungua plagi naikuta nyeusi. Wakati huohuo, ikishapata joto, sailensa inapanda yenyewe, na nikiachia mafuta inachelewa kushuka.

Kwa kuwa plagi ni nyeusi nilipunguza jeti kuu (kipande chenye tundu kubwa la kupitishia mafuta ndani ya kabureta) kutoka 172 hadi 168, na sijaona tofauti yoyote hapo chini inapogugumia. Oili nachanganya 1 kwa 32, skrubu ya hewa imefunguliwa mzunguko mmoja na nusu, na klipu ya sindano, ile fimbo nyembamba inayopanda na slaidi, iko mfuo wa tatu kutoka juu.

Msimamo wangu ni kwamba jeti kuu ndiyo mlango wa mafuta yote yanayoingia kwenye injini, kwa hiyo ndiyo inayopaswa kurekebishwa kwanza na mengine yafuate. Anayeona vinginevyo naomba anieleze kwa hoja.

#2 MzeeWaSpana

Kijana, jeti kuu si mlango wa mafuta yote. Kabureta yako ina njia kadhaa zinazopokezana kadiri slaidi inavyopanda. Mkono ukiwa umefungwa hadi karibu moja ya nane, mafuta yanatoka kwenye jeti ya sailensa, ile ndogo, yakisaidiwa na skrubu ya hewa. Kutoka hapo hadi robo, kinachotawala zaidi ni ukato ulio chini ya slaidi pamoja na unene wa sehemu ya juu ya sindano, ile iliyonyooka. Robo hadi robo tatu ni kazi ya sindano, yaani mteremko wake na mfuo ambao klipu imekaa. Jeti kuu inashika hatamu kuanzia robo tatu hadi mkono ukamilike. Njia hizo zinaingiliana, haziachiani kwa mstari, lakini mpangilio ndio huo.

Ni kweli kwamba mafuta yanayopita kwenye sindano yametangulia kupita kwenye jeti kuu, na pengine ndiko wazo lako lilikotoka. Hata hivyo, mkono ukiwa nusu, upenyo ulio kati ya sindano na tundu lake ni mdogo kuliko tundu la jeti kuu, na penye wembamba zaidi ndipo panapoamua. Ndiyo maana uliondoa 172 ukaweka 168 na chini hakukubadilika kitu.

Kabla ya kugusa chochote, bandika kipande cha utepe kwenye mkono wa mafuta na kingine kwenye nyumba yake, kisha weka alama za robo, nusu na robo tatu. Watu wengi wanaosema "nilikuwa nusu" walikuwa robo.

#3 Bisibisi_Butu

Mzee amefunga mjadala kabla haujapata joto. Mimi navuta kiti nisome.

#4 Plagi_Kahawia

Naungana na mzee kuhusu njia zinazopokezana, lakini nadhani jibu la mleta uzi liko mbele ya macho yake. Plagi nyeusi maana yake mchanganyiko ni mzito. Inagugumia mwanzoni kwa sababu mafuta ni mengi mno kwa hewa iliyopo, na inajitoa pale kasi ya hewa inapotosha kuyabeba. Shusha sindano kwa kupandisha klipu hadi mfuo wa pili kutoka juu, kisha fungua skrubu ya hewa robo mzunguko zaidi. Klipu ikipanda, sindano inashuka na mchanganyiko unakuwa mwepesi; klipu ikishuka, sindano inapanda na mchanganyiko unakuwa mzito. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaolifanya kinyume halafu wanashangaa.

#5 DadaGia

Ndugu yangu wa #4, nakupinga kwa heshima. Umeshika plagi ukaacha dalili iliyo nzito kuliko zote, nayo ni sailensa kupanda yenyewe injini ikipata joto na kuchelewa kushuka. Hiyo ni dalili ya mchanganyiko mwepesi kwenye njia ya chini, au ya hewa inayoingia mahali isipotakiwa. Mchanganyiko mzito hufanya kinyume chake: sailensa hushuka kupita kiasi, hutetereka, na wakati mwingine injini huzimika.

Hata kusita kwenyewe kuna sauti mbili. Mafuta yakiwa machache, injini hukaa kimya kwa kitambo, hutoa sauti ya kuishiwa pumzi, kisha huruka ghafla. Mafuta yakiwa mengi, husikika mipasuko isiyolingana na moshi huongezeka. Mleta uzi ametuandikia "inagugumia, inasita", maneno ambayo yanaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili, na sisi tumeanza kumwandikia dawa.

Yapo majaribio mawili yasiyohitaji kununua kitu. La kwanza: injini ikiwa na joto na mkono ukiwa chini ya robo, vuta choki kidogo. Ikiwa kusita kunapungua, njia ya chini ina njaa ya mafuta. Ikiwa kunazidi, imeshiba. La pili: endesha mkono ukiwa nusu, kisha funga koki ya mafuta na uendelee. Kadiri bakuli linavyopungua ndivyo mchanganyiko unavyokuwa mwepesi. Injini ikisafika na kupata nguvu muda mfupi kabla ya kufa, ujue hapo kwenye sindano ulikuwa mzito. Ufanye mahali penye nafasi na usikae muda mrefu, kwa sababu kwenye mipigo miwili mafuta yakipungua na oili imepungua pia.

#6 Mkono_Kamili

Mimi nina ya mipigo minne na kwangu mambo ni rahisi. Ukitaka kuongeza mafuta chini, fungua skrubu nje. Ukitaka kupunguza, ifunge. Mkuu wa #4 anasema aifungue ili kupunguza, jambo ambalo litampoteza.

#7 MzeeWaSpana

Hapana, #6, hapo mnazungumzia skrubu mbili tofauti. Angalia iko upande gani wa slaidi. Ikiwa iko upande wa kichujio cha hewa, hiyo ni skrubu ya hewa: kuifungua ni kuongeza hewa, mchanganyiko unakuwa mwepesi. Ikiwa iko upande wa injini, mara nyingi chini kabisa nyuma ya bakuli, hiyo ni skrubu ya mafuta: kuifungua ni kuongeza mafuta, mchanganyiko unakuwa mzito. Kabureta ya Keihin PWK inayofungwa kwenye mipigo miwili mingi ina ile ya kwanza, na Keihin FCR ya mipigo minne ina ile ya pili. Kwa hiyo #4 yuko sahihi kwa pikipiki inayozungumziwa, na wewe uko sahihi kwa yako.

Skrubu hiyo pia inakuambia ukubwa wa jeti ya sailensa. Pasha injini, punguza sailensa, kisha zungusha skrubu polepole mpaka upate mahali ambapo mizunguko iko juu zaidi na mkono unajibu haraka. Kwa skrubu ya hewa, mahali hapo pakipatikana chini ya mzunguko mmoja, jeti ni ndogo. Pakipatikana zaidi ya miwili na nusu, jeti ni kubwa. Kwa skrubu ya mafuta geuza maneno hayo.

#8 HewaNzito

Mbona hakuna aliyeuliza mwinuko? Kwenye mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua uzito kwa takriban asilimia 9, na kwenye mita 2,000 kwa takriban asilimia 18. Pikipiki iliyorekebishwa pwani ikipelekwa mlimani inakuwa nzito kwa asilimia hizohizo, na plagi inakuwa nyeusi hata kama hakuna aliyegusa kabureta. Joto nalo lina nafasi yake: hewa ya nyuzi 30 ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya nyuzi sifuri. Mleta uzi, unaendeshea wapi na aliyekuwa nayo kabla yako aliiendeshea wapi?

#9 Kipimo_Sahihi

Marekebisho madogo kwa #8. Hewa ikipungua uzito, mvuto unaonyonya mafuta kwenye kabureta nao unapungua, ila haupungui kiasi cha kufuta tofauti yote. Mafuta hufuata kipeuo cha pili cha uzito wa hewa, kwa hiyo uzito wa mchanganyiko huongezeka kwa takriban nusu ya asilimia ulizotaja. Kwenye mita 2,000 unazidi kwa karibu asilimia 10, si 18. Ukipunguza jeti kwa asilimia 18 utapata mchanganyiko mwepesi, na kwenye mipigo miwili hilo ni shauri la pistoni.

Kumbuka pia kwamba namba ya jeti ya Keihin hufuata kipenyo cha tundu kwa mia za milimita, wakati kinachopitisha mafuta ni eneo la tundu. Kutoka 172 hadi 168 unaona namba nne tu, lakini eneo limepungua kwa asilimia 4.6. Jeti nyingi za Mikuni huhesabiwa kwa kiasi cha mafuta zinachopitisha, kwa hiyo namba za watengenezaji hao wawili zisilinganishwe ana kwa ana.

#10 Bisibisi_Butu

Mkuu wa #9 amekuja na kalamu nyekundu. Tujipange.

#11 Vumbi_Jekundu

Ahsanteni sana. Naanza na mwinuko: mwenye pikipiki wa kwanza aliiendeshea karibu na usawa wa bahari, mimi niko kwenye mita 1,500 hivi.

Nimefanya majaribio ya DadaGia. Choki ikivutwa kidogo na mkono ukiwa chini ya robo, kusita kunapungua ingawa hakuishi. Koki ikifungwa na mkono ukiwa nusu, injini inasafika waziwazi muda mfupi kabla ya kuanza kufa. Sasa nimebaki na swali gumu kuliko la mwanzo: inawezekanaje kabureta moja iwe nyepesi chini na nzito katikati?

#12 DadaGia

Inawezekana kabisa, na ndiyo sababu hakuna skrubu moja inayorekebisha kabureta nzima. Nina mashaka kwamba jeti yako ya sailensa imeziba nusu. Tundu la jeti namba 42 ni kama milimita 0.42, na petroli iliyokaa miezi kadhaa huacha utando humo unaotosha kulipunguza. Ifungue uishike kuelekea mwanga. Tundu linatakiwa liwe duara kamili lenye kingo safi. Ukiona umbo la mwezi mwandamo, hapo pana uchafu. Iloweke kwenye dawa ya kabureta, kisha ipulize kwa upepo wa kompresa. Usiingize waya wa chuma, kwa sababu shaba ya jeti ni laini na tundu litapanuka bila wewe kuona. Uzi laini wa nailoni unatosha.

Huko katikati, mwinuko wa #8 na #9 unaeleza uzito wote. Klipu ipande mfuo mmoja.

#13 Kipimo_Sahihi

Kwa mita 1,500 uzito unazidi kwa karibu asilimia 7. Ukipiga hesabu kutoka 172 unapata jeti kuu ya 166 hivi. Kwa hiyo 168 haikuwekwa bure, ila ilijibu swali la mkono kamili ambalo mleta uzi hakuwa ameuliza.

#14 Sili_ya_Kulia

Wakuu, nimesoma yote na naona mnazunguka kabureta wakati pikipiki inawaonyesha krenki.

Injini ya mipigo miwili inavuta mchanganyiko kupitia nyumba ya krenki, nayo imezibwa na sili mbili, pete za mpira zinazobana mhimili wa krenki pande zote mbili. Ya upande wa magneto ikichoka, hewa inaingia moja kwa moja bila kupita kwenye kabureta: sailensa inapanda ikipata joto na kuchelewa kushuka, hasa dalili aliyoitaja DadaGia. Ya upande wa klachi ikichoka, injini inanyonya oili ya gia na kuiunguza: plagi nyeusi yenye unyevu, moshi mwingi, na oili ya gia inayopungua bila kuonekana ikivuja nje. Zote mbili zikichoka pamoja, jambo la kawaida kwa kuwa zina umri mmoja, unapata pikipiki yenye dalili za wepesi na plagi ya uzito kwa wakati mmoja. Mleta uzi, nijibu mambo mawili: unyevu wa plagi yako una harufu gani, na oili ya gia ukiimwaga hutoka kiasi kilekile ulichoweka?

#15 Plagi_Kahawia

Mkuu wa #14, pikipiki inayovuta hewa kwenye sili haitulii sailensa ikiwa baridi, na yeye amesema inatulia.

#16 Sili_ya_Kulia

Inatulia. Sili iliyoanza tu kuchoka hubana vizuri ikiwa baridi, kisha mdomo wake hulegea ukipata joto. Mpira unaounganisha kabureta na silinda nao hufanya hivyohivyo ukipasuka kwa ndani: kwa nje unauona mzima, lakini ukiukunja kwa vidole nyufa zinafunguka.

Kwa mpira huo, nyunyiza maji kwa chupa ya kupulizia kuzunguka maungio injini ikiwa sailensa, usikilize kama mizunguko inabadilika. Wengine hutumia dawa ya kusafishia breki, lakini ekzosi iko hapohapo na dawa hiyo inawaka. Kwa sili, maji hayasaidii. Ziba mdomo wa kuingizia na wa ekzosi, jaza upepo wa takriban psi 6, kisha uangalie kama geji inashuka katika dakika chache. Ikishuka, povu la sabuni litakuonyesha inapotoka.

#17 Kebo_Imekaza

Kabla ya kupasua injini ya watu: sailensa ikiwa imekaa, geuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho. Mizunguko ikibadilika, kebo ya mafuta haina ulegevu wa kutosha, na hakuna jeti wala sili itakayoponya hilo. Slaidi yenye vumbi hukwama vilevile. Vitu hivi viwili huchunguzwa kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kuandika hapa.

#18 Oili_Nyingi

Mimi naona tatizo ni oili. 1 kwa 32 ni nzito kupita kiasi, ndiyo maana plagi ni nyeusi. Aende 1 kwa 40 na mchanganyiko utakuwa mwepesi.

#19 Kipimo_Sahihi

Ni kinyume chake, #18. Jeti inapitisha kiasi kilekile cha mchanganyiko. Ukipunguza oili, nafasi yake inachukuliwa na petroli, kwa hiyo mchanganyiko wa petroli na hewa unakuwa mzito kidogo. Nasema kidogo kwa makusudi. Katika 1 kwa 32 petroli ni asilimia 96.97 na katika 1 kwa 40 ni asilimia 97.56. Tofauti haifiki hata asilimia moja, wakati kushuka kwa jeti kutoka 172 hadi 170 tu ni zaidi ya asilimia 2. Oili hubadilisha moshi na masizi, lakini haitaeleza kusita huku.

#20 Oili_Nyingi

Hesabu nimeipokea. Lakini masizi ndiyo yanayoifanya plagi iwe nyeusi, na humu kila mtu anahukumu kwa plagi. Pointi yangu bado inasimama kwa mguu mmoja.

#21 MzeeWaSpana

Mguu huo mmoja nauunga mkono. Plagi iliyofunguliwa baada ya kuendesha taratibu hadi nyumbani na kuacha injini ikiunguruma mlangoni inaeleza habari za sailensa tu, na kuihukumu kabureta nzima kwa plagi hiyo ni sawa na kumhukumu mgeni kwa viatu alivyokuja navyo siku ya mvua. Ukitaka plagi iseme habari za jeti kuu, weka mpya, endesha mkono kamili kwenye gia ya juu mahali penye urefu wa kutosha, kisha kwa wakati mmoja zima injini na ubane klachi, uiache isimame yenyewe. Halafu usiangalie ncha. Angalia pete iliyo chini kabisa ya kauri nyeupe, ndani kule inapokutana na chuma.

Pia hakikisha plagi yenyewe ina joto linalofaa. Kwa plagi za NGK, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi, hivyo 9 hushika masizi upesi kuliko 8 kwa mtu anayeendesha polepole kwenye matope.

#22 Vumbi_Jekundu

Natoa majibu kwa ufupi. Kebo ina ulegevu, na kugeuza usukani hakubadilishi kitu. Mpira wa kabureta nimeukunja, hauna nyufa. Plagi ina unyevu, lakini kwa harufu siwezi kuapa kama ni oili ya gia au ni ya kuchanganyia. Oili ya gia sikuwahi kuipima wakati wa kuimwaga. Jeti ya sailensa ilikuwa na utando, si mwingi. Nimeisafisha na sasa tundu ni duara. Klipu nimeipandisha mfuo mmoja.

Matokeo ni kwamba katikati pamesafika sana. Kusita kumepungua, na sailensa bado inapanda ikipata joto ingawa si kama awali.

#23 Boya_Mezani

Ulipolifungua bakuli, ulipima kimo cha boya, lile linaloelea na kufunga mafuta bakuli likijaa? Huo ndio msingi ambao kila jeti imesimama juu yake. Boya likikaa chini mno, mafuta ndani ya bakuli yanakuwa haba, na jeti ya sailensa ndiyo ya kwanza kulalamika, hasa ukitua kutoka hewani au ukipanda mlima na mafuta yakakimbilia upande mmoja. Likikaa juu mno, pikipiki inakuwa nzito na mpira wa kumwagia unadondosha.

Kipimo chenyewe kimo kwenye kitabu cha pikipiki yako, na namna ya kukipata ina mtego. Sindano ya boya ina kipini kidogo chenye springi. Ukigeuza kabureta juu chini kabisa, uzito wa boya unakibonyeza kipini hicho na kipimo kinakuwa cha uongo. Ilaze kabureta ubavu, iinamishe polepole mpaka ulimi wa boya uguse kipini bila kukibonyeza, ndipo upime kutoka kwenye uso wa kabureta ambapo bakuli hukaa, gasiketi ikiwa imeondolewa. Kurekebisha ni kuupinda ulimi huo kidogo sana.

Na tafadhali angalia bisibisi unayotumia. Kichwa cha skrubu za kabureta za Kijapani kinafanana na msalaba wa kawaida lakini hakilingani nao. Bisibisi ya kawaida inapanda na kukila. Tumia ile ya kiwango cha Kijapani, JIS.

#24 Bisibisi_Butu

Nimeguswa binafsi na aya ya mwisho.

#25 Mkono_Kamili

Kwa mateso haya, si bora mtu aende kwenye injekta, inayopuliza mafuta kwa amri ya kompyuta badala ya kabureta, akalala usingizi? Kwenye mipigo minne Suzuki walishaiweka kwenye RM-Z450 ya mwaka 2008. Tatizo ni kwamba mipigo miwili haikubali injekta.

#26 Kipimo_Sahihi

Inakubali. KTM walitoa EXC 250 na 300 za mipigo miwili zenye injekta kwa matoleo ya mwaka 2018, na kabla yao Bimota walikuwa na pikipiki ya barabarani, Vdue, mwaka 1997. Injekta inajirekebisha kwa mwinuko na joto, hilo nakupa. Lakini sili ya krenki ikivuja, injekta nayo itadanganyika.

#27 Sili_ya_Kulia

Ahsante kwa kunirudishia sili yangu.

#28 Ridi_Wazi

Mbona hakuna aliyetaja ridi, vali ya vibamba inayoruhusu mchanganyiko uingie kwenye injini na kuuzuia usirudi? Toa kabureta, toa nyumba ya ridi, uishike kuelekea mwanga. Vibamba vinatakiwa vilale bila mwanga kupita. Ncha ikimeguka au kibamba kikibaki wazi, injini inarudisha pumzi kwenye kabureta, na hewa hiyo inabeba mafuta mara ya pili inapoingia tena. Unapata uzito, plagi nyeusi na kusita ukivuta ghafla. Nimeona pikipiki iliyobadilishiwa kila jeti iliyopo sokoni na kibamba kilikuwa kimemeguka pembeni kiasi cha punje ya mchele.

#29 DadaGia

Ridi inaeleza plagi na kusita, lakini haielezi sailensa kupanda ikipata joto. Sili inaeleza yote, lakini haielezi kwa nini kusafisha jeti kulipunguza tatizo. Utando kwenye jeti unaeleza kwa nini ilipungua, lakini hauelezi kilichobaki. Labda jeti ya sailensa yenyewe ni ndogo. Mleta uzi, baada ya kuisafisha, skrubu ya hewa inapenda kukaa mzunguko wa ngapi?

#30 Vumbi_Jekundu

Inapenda robo tatu ya mzunguko. Ikizidi hapo inaanza kusita tena.

#31 DadaGia

Basi ni kama alivyosema mzee kwenye #7: chini ya mzunguko mmoja, jeti ni ndogo. Weka inayofuata kwa ukubwa.

#32 HewaNzito

Dada, subiri. Ametoka usawa wa bahari akapanda mita 1,500, kwa hiyo jeti iliyomfaa mwenye pikipiki wa kwanza ilitakiwa sasa iwe kubwa kwake, isiwe ndogo. Huoni mgongano?

#33 Sili_ya_Kulia

Mgongano huo ndio ninaousema tangu #14. Jeti iliyotakiwa kuwa kubwa inajionyesha kuwa ndogo kwa sababu kuna hewa ya ziada inayoingia pasipo ruhusa. Ukiweka kubwa zaidi utaificha dalili, sailensa itatulia, na siku utakayoishikilia mkono kamili kwa muda mrefu injini itanoki, yaani pistoni itakwama.

#34 MzeeWaSpana

Au mwenye pikipiki wa kwanza aliweka jeti ndogo kwa sababu zake, au boya liko chini kama asemavyo #23. Au petroli yenye ethanoli asilimia 10, ambayo inahitaji mafuta zaidi kwa hewa ileile, takriban uzito wa hewa 14.1 kwa 1 wa mafuta badala ya 14.7. Sababu ni nyingi. Namuunga mkono #33 kwa jambo moja tu: kipimo cha upepo kifanyike kabla ya jeti kubwa kuwekwa, na oili ya gia imwagwe ndani ya chombo chenye alama.

#35 Plagi_Kahawia

Mimi ningeweka jeti kwanza, maana ni kazi fupi na inarudishika.

#36 Vumbi_Jekundu

Nimeazima pampu yenye geji ndogo. Boya nitalipima wakati kabureta iko nje, na ridi nitaishika kwenye mwanga palepale. Mwenye kujua namna ya kuziba mdomo wa ekzosi bila kuharibu skrubu za springi, naomba anielekeze.

#37 Ridi_Wazi

Kipande cha tyubu ya zamani ya tairi kilichokunjwa mara mbili, juu yake bamba la chuma, kisha klampu. Usikaze kwa nguvu zote.